Miaka Yangu Nikiwa Kipindupindu

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, magoti yangu ni mazima na meno yote yapo, lakini gunia limekataa kunipita mabegani, na kijidudu ambacho miguu yake inaonekana mpaka magotini hakimtishi hata kuku. Kwa hivyo naondoka kwa heshima. Nyinyi wa kidato cha pili mtakaoirithi kazi hii, nawaandikia haya ili msianze gizani kama nilivyoanza mimi. Habari za vyeo sina: niliingia nikiwa Kipindupindu na natoka nikiwa Kipindupindu. Mshahara pia nauruka, maana ulikuwa soda, na nilikuwa nagawana na Achieng, mwenzangu wa kazi, ambaye akishika mrija anavuta kama gari la zimamoto.

Kazi yenyewe mmeiona. Ugonjwa ulipoingia Nairobi, sisi wanafunzi tulianza kuzunguka mitaa ya Eastlands wakati wa likizo na siku za Jumamosi, tukiigiza mchezo mfupi ili watu wajue unavyoingia tumboni na unavyozuiwa. Wengine waliigiza mama, baba na daktari. Mimi ndiye niliyekuwa ugonjwa.

Niliajiriwa kwa kushikwa sikio. Bwana Njoroge, yule bwana afya wa mtaa mwenye kaki iliyonyooshwa pasi na baiskeli nyeusi, alikuja shuleni kutuhutubia kwenye paredi. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka mitaa na gari la kipaza sauti, na watu waliposikia ile sauti walifunga madirisha wakidhani ni wale wa kodi ya nyumba. Sasa akawa anatueleza vile mgonjwa anavyoharisha na kutapika mpaka macho yanazama, naye anaweza kufa siku ile ile. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nikawa naeleza pia, ila kwa vitendo. Mstari mzima ukaanza kutikisika. Mwalimu wa zamu akanifikia, akanishika sikio, na kiboko kilikuwa njiani.

"Mwalimu, huyo usimpige," Bwana Njoroge akasema. "Nipe mimi."

"Chukua," mwalimu akajibu. "Na ukipata faida yoyote kwake, rudi utuambie. Sisi tumetafuta."

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Bwana Njoroge alinichorea kijidudu kwa chaki: kitu kidogo kilichojikunja kama korosho, chenye mkia mmoja. Tukalipaka gunia la sukari rangi ya kijani, tukalijaza magazeti mgongoni ili lipindike, na mkia tukaukata kutoka mpira wa kumwagilia maua. Ushauri wangu kuhusu gunia: livueni mara tu mnapomaliza, na msilivae juu ya shati jeupe la shule. Rangi ile haitoki. Mathe, yaani mama yangu, alisugua kola yangu muhula mzima, akinitaja kwa majina ambayo hayako kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Siku ya kwanza tulicheza mtaa wa Umoja, kwenye uwanja wa vumbi karibu na maduka. Mchezo ulikuwa mfupi. Achieng, akiwa mama wa nyumbani, anateka maji na kuyanywa hivyo hivyo. Mimi naingia kikombeni nikicheka, mtu anaanguka. Halafu mama anajifunza. Anachemsha maji, nami nakufa ndani ya sufuria. Kufa kwangu kulichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Nililia, nikaomba wakili, nikamtumia salamu mama yangu kule chooni. Watu walicheka mpaka mwenye kibanda cha kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Achieng akauliza kwa sauti, "Tufanye nini na maji?" Uwanja mzima ukajibu, "Chemshaaa!" Nikarudi nyumbani nikijua kwamba ugonjwa umekwisha Kenya na mimi ndiye niliyeumaliza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la kazi hii. Kila mtu anajua jibu, na kila mtu anaamini ugonjwa ni wa mtu mwingine. Umoja walituambia ni ugonjwa wa watu wanaokaa mtoni. Tukaenda Buruburu, mama mmoja akafungua pazia kidogo akasema, "Kijana, huku tuna choo cha kuvuta. Peleka hiyo kelele kwa wanaoihitaji." Akifunga pazia, mfanyakazi wake alikuwa kona ile akinunua nanasi lililokatwa, nzi wameketi juu yake kama wanakamati. Industrial Area, vibarua kwenye geti walinisikiliza wakinywa uji, halafu mmoja akajipiga tumbo. "Mimi nimekunywa maji ya bomba hii tangu niandikwe. Hii tumbo ni chuma." Mwenzake akasema pombe ya chang'aa inaua kila kitu, kwa hivyo yeye alikuwa tayari ametibiwa. Tukacheka wote. Wiki iliyofuata Mathe, ambaye anafanya kazi kiwanda cha mablanketi huko huko, alirudi akakaa kitandani bila kuvua viatu. Alisema mwanamke wa mashine iliyo karibu na yake hatakuja tena. Siku hiyo hakuna aliyetaka nimwigizie chochote, na mimi pia sikutaka.

Bwana Njoroge alikuwa na tabia moja niliyoifanyia mzaha kwa muda mrefu. Mchezo ukiisha, watu wakitupongeza, yeye alibisha hodi nyumba yoyote na kuomba maji ya kunywa. Kila siku, kila mtaa. Mimi na Achieng tukampa jina la Ngamia. Siku moja nikamwuliza kwa nini asibebe chupa.

"Ukimwuliza mtu kama anachemsha maji, atakujibu kama mtoto wa shule," akasema. "Mwombe maji, halafu usimwangalie usoni. Angalia mikono yake. Ametoa wapi? Ametumia kikombe gani? Amekifuta na nini? Hapo ndipo utajua."

"Na wewe unayanywa?"

"Nikiona mikono imefanya vizuri, nakunywa. Nikiona vibaya, nasema daktari amenikataza baridi."

Sasa nifike kwa kesi ngumu, ambayo haikuwa Buruburu wala Industrial Area. Ilikuwa kwetu.

Sisi tunapanga Umoja, kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameongeza vyumba nyuma mpaka ua umebaki mwembamba kama ulimi. Mfereji, yaani bomba la maji, ni mmoja. Mathe akiwa kazini, nyumba inashikwa na Kukhu, yaani nyanya yangu, aliyetoka Bungoma kuja kumlea dada yangu Nekesa, wa miaka minne. Kukhu ndiye mkubwa wa ploti, yaani vyumba vyote vya ua huo, na akisema kitu kinafanyika. Ugonjwa ulipoanza alisema maji yachemshwe, na kila mlango ukawa na jiko linalotoa moshi jioni. Mimi nilijigamba kwa Bwana Njoroge kwamba ploti yetu ni ya mfano.

Halafu Kibe, mtoto wa jirani, akaugua. Ana umri wa Nekesa na walikuwa wakila matope pamoja kama ndugu. Asubuhi alikuwa anakimbia, kabla ya adhuhuri macho yalikuwa yameshaingia ndani. Achieng alikuwepo, na maneno ya daktari wa mchezo wetu yalimtoka kinywani bila kufikiri: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mama Kibe akawa anamnywesha kidogo kidogo njia yote mpaka hospitali, ambako walimbakiza na kumwekea maji ya mshipa.

Siku ya pili Mama Kibe alirudi kuchukua nguo. Alisimama katikati ya ua.

"Mimi nilichemsha," akasema. "Kila siku. Nyinyi wote mliniona. Makaa niliyochoma ingetosha harusi. Sasa niambieni ilinisaidia nini?"

Akazifunga nguo kwa leso. Alipoondoka, mwanamke wa chumba cha mwisho akasema polepole, "Basi kuchemsha ni bure." Jioni ile majiko mawili hayakuwashwa kwa ajili ya maji. Kesho yake yakawa matano. Kukhu mwenyewe aliketi akiliangalia jiko letu, akasema, "Nitachoma makaa ya bure mpaka lini?" Na Nekesa alikuwa pale mlangoni na kikombe chake cha plastiki chekundu, akiniambia niigize vile ninavyokufa.

Sikuigiza. Nilijua ploti ikiacha kuchemsha, anayefuata ni huyu mwenye kikombe chekundu. Nilijua pia kwamba Mama Kibe hakudanganya. Nilikuwa nimeyaona yale maji yakitokota kwa macho yangu. Kwa hivyo kulikuwa na kitu baada ya kutokota. Nikaamua kuwa Ngamia.

"Kukhu, naomba maji ya kunywa."

"Mikono yako imevunjika?"

"Nimechoka. Leo nimekufa mara tatu."

Akacheka, akainuka. Sikumwangalia usoni. Alinawa mikono kwa sabuni. Safi. Akachukua kikombe kilichofunikwa. Safi. Akafunua nyungu ya maji ya kuchemsha, akachota kwa kata yenye mpini mrefu bila kutia kidole. Bwana Njoroge angelia kwa furaha. Kikombe hakikujaa. Kukhu akainamia mtungi wa plastiki wenye maji ya mfereji yasiyochemshwa, akamimina kidogo juu, akanipa.

"Kukhu, hiyo ya pili ni nini?"

"Maji."

"Najua ni maji. Ni ya nini?"

"Ya kuamsha," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini ugali una unga. "Maji ikichemshwa inalala. Haina ladha, inanuka moshi tu. Unaongeza kidogo ya mfereji, inaamka. Si wewe umekuwa ukikunywa hivyo tangu ugonjwa uanze? Umewahi kulalamika?"

Nilikuwa sijawahi. Kipindupindu mzima, mwenye gunia na mkia, nilikuwa nimekunywa hivyo miezi yote nikisifu upishi.

"Na Mama Kibe pia huamsha?"

"Nani alimwonyesha? Si mimi? Kibe alikuwa anatema maji ya kuchemsha. Nikamwambia mama yake, iamshe, utaona. Akakunywa vizuri kabisa."

Alilisema kwa fahari. Nikakiweka kikombe chini. Ningemwambia nini? Kwamba kikombe alichofundisha kwa upendo huenda ndicho kilichompeleka Kibe hospitali? Nyanya yako humwambii hivyo. Na ukimwambia, atakufukuza na mwiko halafu aende kulala akilia, na hakuna lolote kati ya hayo litakalowasha jiko.

Nilimkuta Bwana Njoroge akitia baiskeli upepo. Nilipomaliza kumweleza, aliiacha pampu ikining'inia.

"Miezi hii yote nimeuliza ploti yenu kama mnachemsha, na mmeniambia ndiyo, na ni kweli," akasema. "Na kila nikiomba maji kwenu, nyanya yako ananiletea chai."

"Wewe ni mgeni. Mgeni atapewaje maji matupu?"

"Ndiyo hivyo. Mimi ningeomba mpaka nizeeke." Akafikiri. "Sikiza. Hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba ni kikombe hicho kilichomwambukiza mtoto. Lakini huo ni mlango, na uko wazi. Tuufunge."

"Nimwambie Kukhu nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Kipindupindu ndiye atakayesema."

Tukakaa kuutengeneza mchezo upya. Mimi nilitaka nife, halafu nifufuke Achieng akimimina yale maji ya mfereji. Bwana Njoroge akakataa kabisa. "Aliyechemka amekufa. Sitaki uongo kwenye mchezo wangu. Anayeingia ni mwingine." Lakini gunia lilikuwa moja na korosho ilikuwa moja. Tulibishana mpaka Achieng akasema, "Si awe ndugu yake? Aje matanga." Hapo ndipo nilipokubali kwamba labda anastahili soda yote.

Jumamosi tulicheza ndani ya ua wetu. Kukhu aliketi mbele kwenye stuli yake, Nekesa mapajani. Mama Kibe alikuwa ameacha dada yake hospitalini na kuja kuoga. Alisimama mlangoni kwake na taulo begani. Achieng akachemsha, nikafa. Nilikufa vizuri, lakini watu walicheka kwa adabu tu, kama mnavyocheka mwalimu mkuu akitania. Nikatambaa nyuma ya shuka tuliyoitundika kama pazia.

Achieng akachota maji yaliyochemshwa, akatia kikombeni. Halafu akainamia mtungi wa mfereji, akaongeza kidogo. Siku nyingine, akikosea kitu, watu humpigia kelele. Siku hiyo ua ulinyamaza. Hakuna aliyeona kosa.

"Hodi!" nikaita nyuma ya shuka. "Hapa ndipo kwenye matanga?"

Nikatoka nimefunga kitambaa cheusi kichwani, mkia begani kama mwenye huzuni.

"Mimi ni ndugu ya marehemu. Nani amemchemsha ndugu yangu?"

"Sisi!" watoto wakapiga kelele.

"Mmemchemsha vizuri. Nimemwangalia, amekufa kabisa, hata mkia hautikisiki. Kazi safi, akina mama. Na huyu mama hapa Mungu ambariki, maana mimi amenikaribisha mzima, mbichi, bila kupitia jikoni. Ati nije kuamsha maji." Nikatumbukiza mkono kikombeni. "Haya, mama, kunywa. Tumfariji marehemu."

Achieng akakipeleka kikombe mdomoni, polepole.

Stuli ya Kukhu ilianguka. Alivuka ua na Nekesa kiunoni, akamnyang'anya Achieng kikombe, akanimwagia maji yote usoni. "Toka!" akasema. "Toka kwa nyumba yangu!" Watu wakaangua kicheko, cha kweli sasa, na watoto wakaanza kunipiga na kandambili. Jambo la pili la kazi hii: gunia lenye maji ni zito, jifunzeni kukimbia nalo.

Kisha kicheko kikaisha, maana wanawake walikuwa wanamwangalia Kukhu. Kila mmoja alikuwa anajua nani alimfundisha kuamsha. Mama Kibe pale mlangoni alikuwa anamwangalia pia. Kukhu alisimama na kikombe kitupu mkononi. Niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kupelekwa kwa mwalimu wa zamu.

"Mnaniangalia nini?" akasema mwishowe. "Wafula, vua hiyo takataka ukuje hapa. Kama haiamshwi na ya mfereji, inaamshwa aje?"

Achieng akamwonyesha alivyotufundisha Bwana Njoroge. Sufuria mbili safi. Unamimina maji yaliyochemshwa kutoka moja hadi nyingine, juu juu, kama unapoza chai, tena na tena mpaka yapate hewa. Halafu unafunika. Kukhu akaonja. Akayazungusha mdomoni kama mtu anayepima dawa, na ua mzima ukangoja.

"Moshi bado iko kidogo," akasema. Akaonja tena. "Lakini imeamka."

Jioni ile majiko yote yaliwashwa. Kukhu hakubaki kulinda letu. Aliniachia sufuria na Nekesa, akaenda kwa Mama Kibe, wakafunga mlango. Waliyozungumza siyajui, na mnajua kwamba sikio langu huwa halijali mlango. Nilichosikia ni maji tu, yakimiminwa kutoka sufuria hadi sufuria.

Kibe alirudi wiki iliyofuata, shingo nyembamba kama ya kuku na hasira nyingi kwa sababu Nekesa alikuwa amerithi gari lake la waya. Kukhu ndiye aliyempa maji ya kwanza. Hakuyatema. Mchezo wa ndugu wa marehemu tukaupeleka Umoja yote, na Industrial Area, na hata Buruburu, ambako yule mama wa pazia alitazama mpaka mwisho, kisha tukamsikia ndani akimwuliza mfanyakazi wake swali kwa sauti ndogo sana. Kumbe walikuwa wengi waliokuwa wakiamsha. Wengine walipoza kwa barafu ya dukani. Ni jambo dogo, na hakuna aliyelificha. Ila hakuna aliyeulizwa.

Mrithi wangu alikuja juzi kuchukua gunia. Ni Mutiso wa kidato cha pili, yule mfupi anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Nilikuwa na mashaka naye. Nilitayarisha hotuba nzima, kuhusu kufa polepole na kuweka kitambaa chini ya mkia. Akaingia, akasalimia Kukhu, akaketi kwenye stuli.

"Kabla ya hayo," akasema, "naomba maji ya kunywa."

Kukhu akageukia birika la chai. Mutiso akasema hapana, nyanya, maji tu. Nekesa ndiye aliyekimbia. Akanawa mikono, akapanda juu ya debe, akashika sufuria mbili kubwa kuliko kifua chake, akaanza kumimina kutoka juu huku ulimi umetoka nje. Nusu ya maji ilimwagikia miguu ya Mutiso, viatu, soksi na kila kitu.

Mutiso hakuangalia viatu vyake. Wala hakuniangalia mimi. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Nekesa mpaka mwisho, na alipopewa kikombe chekundu akanywa chote.

Nikaiacha ile hotuba, nikampa gunia.